Kutafuta dhahabu kwenye vijito vya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye karai, koleo na kijito mbele yake, anayetaka kujua kama chini ya kokoto zile kuna dhahabu na iko upande gani. Wengi wanaokata tamaa huwa wamechimba sana na kupima kidogo. Ndiyo maana suala la kupima linajitokeza tena na tena hapa chini.

Dhahabu ya kijitoni imetoka wapi?

Imetoka kwenye mwamba wa mlima, mara nyingi kwenye mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Mvua, joto na baridi huuvunja mwamba kwa maelfu ya miaka. Mawe laini husagika na kuchukuliwa na maji, lakini dhahabu haiozi wala haishiki kutu, na uzito wake haumruhusu mto kuibeba mbali kwa urahisi. Kwanza huteremka mtelemko pamoja na udongo, kisha huingia kijitoni, na huko mafuriko huisogeza kidogo kidogo.

Umbo lake hueleza safari hiyo. Punje yenye kingo kali, au ambayo bado imeshikana na kipande cha kwatzi, haijasafiri sana. Chembe bapa, laini na zilizopondwa zimetoka mbali zaidi.

Kwa nini inapatikana sehemu chache tu na si kijito kizima?

Kwa sababu ya uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Kwatzi ina gramu 2.65 tu, na magnetaiti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mweusi katika vijito vingi, ina gramu 5.2 hivi. Dhahabu ya asili huwa na fedha ndani yake, kwa hiyo ni nyepesi kidogo kuliko dhahabu safi, lakini bado inazidi karibu kila kitu kingine kilichomo mtoni.

Siku za kawaida kijito hakiisogezi kabisa. Kazi hufanyika wakati wa mafuriko, mto mzima unapotikisika na hata mawe makubwa yanabingirika. Maji yanapopungua kasi, kitu cha kwanza kuachwa ni kilicho kizito zaidi. Basi unapokitazama kijito, usitazame maji ya leo. Kitazame kana kwamba kimejaa hadi juu ya kingo, kisha ujiulize: hapa maji yangepungua kasi wapi?

Sehemu zinazostahili kupimwa kwanza ni hizi:

- Upande wa ndani wa kona, hasa mwanzo wa ukingo wa kokoto, upande wa juu wa mto. Mkia wa ukingo huo kwa kawaida hubeba vumbi la dhahabu tu.
- Nyuma ya jabali kubwa lisilohama, kwa upande wa chini wa mkondo, na pia chini yake.
- Pale mtelemko mkali unapogeuka kuwa tambarare, au korongo jembamba linapofunguka na kuwa pana.
- Chini kidogo ya makutano ya vijito viwili.
- Udongo ulionaswa kwenye mizizi ya miti na nyasi, kwenye kingo zinazofunikwa na mafuriko. Majani mafupi kama zulia yanayoshika mawe hunasa dhahabu laini, yaani ya chembe ndogo sana. Yabandue, yafikiche ndani ya ndoo ya maji na uoshe kilichobaki.

Jambo moja hupotosha wengi. Upande wa nje wa kona huwa na shimo refu la maji, na mtu hudhani kuwa kizito lazima kizame humo. Lakini pale ndipo maji yana nguvu kuliko kwingine kote, kwa hiyo husafishwa kila mwaka. Hali kadhalika bwawa lililo chini kabisa ya maporomoko: mara nyingi maji yanayopiga humo hutapika kila kitu, na dhahabu hutua mbele kidogo, pale bwawa linapoanza kuwa na kina kifupi.

Dhahabu pia hupenda njia fupi. Ukisimama mahali palipoinuka, chora kwa macho mstari unaounganisha upande wa ndani wa kona moja na upande wa ndani wa kona inayofuata. Wakati wa mafuriko dhahabu hufuata mstari huo kwa karibu, na mkanda wenye utajiri huwa mwembamba kuliko kijito chenyewe. Unaweza kuukosa kwa hatua mbili tu, kwa hiyo pima kwa kukatiza kijito kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, usipime kwa kufuata ukingo mmoja.

Ni lazima nichimbe hadi mwamba?

Karibu kila mara, ndiyo. Kila mafuriko yakitikisa kokoto, dhahabu hushuka hatua moja, na haisimami mpaka ikutane na kitu isichoweza kukipenya. Sentimita 10 hadi 20 za mwisho juu ya mwamba huwa na thamani kuliko mita nzima iliyo juu yake. Kokoto za juu zilizolegea mara nyingi hutoa chembe chache nyembamba, zilizoletwa na mafuriko ya mwisho.

Kuna jambo la kuangalia njiani. Tabaka gumu la mfinyanzi, au la kokoto zilizogandamana, hufanya kazi ya mwamba: dhahabu hukaa juu yake na haipiti. Kwa hiyo kila tabaka linapobadilika rangi au ugumu, simama, jaza karai moja kutoka juu tu ya tabaka hilo, uoshe, kisha endelea.

Nyufa za mwamba zinafanyiwaje kazi?

Kwa subira. Mwamba uliochakaa, wenye mapezi yanayokatiza mkondo, hunasa vizuri kuliko mwamba laini unaoteleza. Ufa mwembamba unaozidi kubana kuelekea chini ndio bora. Ulio mpana hufagiliwa na maji. Kama ndani ya ufa kuna kokoto zilizokazwa kwa nguvu, misumari yenye kutu au vipande vya madini ya risasi, furahi: vitu vizito vimekwama humo na havijaondolewa.

Tumia bisibisi ndefu au nondo nyembamba iliyopindwa ncha kulegeza vilivyokazwa, kijiko kirefu kuvitoa, na brashi ngumu kusafisha mwisho. Kama ufa una maji, pampu ndogo ya mkono ya kufyonza hutoa kile ambacho kijiko hakifikii. Kisha utanue ufa kwa mtaimbo na urudie, kwa kuwa dhahabu hupenya hadi penye uwazi unaopitisha uzi tu. Watu wengi huondoka na nusu ya juu ya ufa, wakaiacha nusu yenye mali.

Nahitaji vifaa gani ili nianze?

Karai la sentimita 35 hivi kwa upana, lenye vizuizi upande mmoja. La plastiki, jeusi au kijani, ni jepesi, chembe huonekana vizuri juu yake, na unaweza kupitisha sumaku chini yake. La chuma ni imara, ila ni lazima uchome mafuta ya kiwandani kabla ya kulitumia mara ya kwanza, vinginevyo dhahabu laini itateleza na kuelea. Karai la plastiki nalo lioshwe kwa sabuni na kusuguliwa kidogo kwa mchanga.

Ongeza chekeche lenye matundu ya milimita 12 na jingine la milimita 4 au 5, koleo la mpini mfupi, mtaimbo, ndoo mbili za lita 20, vifaa vya nyufa vilivyotajwa, kichupa cha kufyonzea chembe, kichupa kidogo chenye mfuniko, kioo cha kukuzia, daftari na penseli. Buti za mpira na glavu si anasa kwenye maji ya mlimani.

Karai linaoshwaje hasa?

1. Chekecha kwanza. Chukua kilichopita kwenye matundu ya milimita 12, lakini yatupie jicho mawe yaliyobaki juu kabla ya kuyamwaga; punje kubwa haipiti kwenye chekeche.
2. Jaza karai robo tatu, lizamishe lote majini na ukoroge kwa vidole mpaka mfinyanzi wote uyeyuke na maji yaache kuwa tope. Usiruke hatua hii. Donge la mfinyanzi hubingirika na kuokota dhahabu, kisha hutoka nayo nje.
3. Karai likiwa bado chini ya maji na limelala sawa, litikise kwa nguvu kushoto na kulia kwa sekunde 15 hadi 20. Hapa ndipo dhahabu inaposhuka. Mtikisiko lazima uwe mkali kiasi cha mchanga wote kutembea kama uji.
4. Inamisha upande wenye vizuizi mbele, uzamishe ukingo na uinue, maji yachukue tabaka la juu tu. Mara tano au sita zinatosha.
5. Rudisha karai sawa, tikisa tena, kisha osha tena. Kila unapoosha mara chache, tikisa upya.
6. Kikibaki kiasi cha vijiko viwili vya mchanga mweusi, punguza kasi. Tia maji kidogo, zungusha polepole, mchanga utandazike na chembe za njano zibaki nyuma.

Hatua ya sita ina ugumu wake, na sababu yake ni ya kimaumbile. Chini ya maji kila kitu hupoteza uzito wa maji kinachoyasukuma. Kwatzi hubaki na gramu 1.65, dhahabu na 18 hivi, yaani mara kumi na moja. Magnetaiti hubaki na 4.2, kwa hiyo dhahabu inaizidi mara nne tu na kidogo. Kutoa mchanga mweupe ni kazi nyepesi. Kutenganisha mchanga mweusi kunataka utulivu. Kama chembe ni laini mno, weka mchanga mweusi wote kwenye ndoo, ukaumalizie baadaye mahali penye maji yaliyotulia.

Nitajuaje kama naimwaga dhahabu?

Jipime. Kata vipande kumi vidogo vya madini ya risasi (si risasi za bunduki), vyenye ukubwa wa kichwa cha pini, vigonge viwe bapa, vichanganye na karai la mchanga usio na kitu, kisha oshea juu ya beseni ukitumia mwendo wako wa kawaida. Risasi ina gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, nyepesi kuliko dhahabu. Ukiweza kubaki na vipande vyote kumi, dhahabu ya ukubwa huo haitakuponyoka. Ukipata saba, rudia hatua ya tatu kwa nguvu zaidi, maana kosa huwa hapo. Osha mikono baada ya kushika risasi, na usiiache mtoni.

Naona chembe za njano zinaelea. Inawezekanaje?

Chembe nyembamba sana hubebwa na ngozi ya juu ya maji, hasa kama zina mafuta ya mikono au ya karai. Tone moja la sabuni ya maji kwenye ndoo ya kumalizia linatosha. Usiimwage kijitoni. Malizia kwenye beseni.

Kinachong'aa ni dhahabu?

Kwanza kifunike kwa kivuli cha mkono. Dhahabu haibadili rangi kivulini wala ukiigeuza. Ulanga (madini ya magamba membamba yanayong'aa) na pairaiti (madini ya chuma yenye rangi ya njano) huwaka pembe moja na kufifia nyingine. Pili, ichome kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea, pairaiti huvunjika, ulanga hugawanyika kuwa magamba. Tatu, tazama inavyotembea majini: ulanga huyumba na kuondoka na mchanga mwepesi, dhahabu hubaki nyuma ya kila kitu. Kipande kikubwa kisugue nyuma ya kigae cheupe, upande usio na mng'aro. Dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mweusi wenye ukijani.

Mchanga mweusi mwingi ni dalili nzuri?

Ni dalili kwamba mahali hapo vitu vizito hutua. Kama mlima hauna dhahabu, utapata mchanga mweusi tupu hadi uchoke. Kwa upande mwingine, dhahabu bila mchanga mweusi wala ganeti (punje nzito, mara nyingi nyekundu) ni nadra kwenye vijito. Itafute mahali mchanga huo ulipo, lakini uamuzi uachie karai.

Chembe ngapi kwa karai zinastahili kuchimba?

Kuhesabu chembe husaidia kulinganisha sehemu moja na nyingine, hakuelezi thamani. Chembe bapa ya upana wa milimita 1 na unene wa milimita 0.1 ina uzito wa miligramu 1.3 tu. Unahitaji zaidi ya 700 kama hizo kupata gramu moja. Chembe za robo milimita zinaweza kujaza macho na zisisogeze mizani.

Kwa hiyo pima uzito. Chukua ndoo tano za lita 20 kutoka sehemu moja, yaani lita 100, sehemu ya kumi ya mita ya ujazo. Osha zote, kausha dhahabu, ipime kwenye mizani inayosoma miligramu. Tuseme umepata miligramu 12. Mita moja ya ujazo iliyolegezwa itakuwa na miligramu 120. Kokoto zikichimbwa huvimba kwa karibu robo, kwa hiyo ardhini, kabla ya kuguswa, ni kama miligramu 150 kwa mita ya ujazo.

Sasa jiulize utahamisha mita ngapi kwa siku, pamoja na udongo mtupu ulio juu. Kwa koleo na mfereji mdogo wa kuoshea, mita moja ya ujazo kwa siku ni kazi ya kuchosha. Kumbuka pia usafi: dhahabu ya mtoni mara nyingi huwa kati ya 800 na 950 kwa elfu, si safi kabisa. Na punje moja kubwa katika sampuli hudanganya sana. Iandike kando, ufanye hesabu pamoja nayo na bila yake.

Naandikaje sampuli?

Mahali, kina, aina ya tabaka, ujazo uliooshwa, idadi na ukubwa wa chembe, uzito. Ujazo uwe uleule kila mahali. Karai lililojaa pomoni na lililojaa nusu havilinganishwi, na hili peke yake limewapeleka watu kuchimba upande usio na kitu.

Nitumie mfereji wa kuoshea lini, na niuwekeje?

Baada ya karai kukuonyesha mkanda wenye dhahabu, si kabla. Mfereji mdogo wa sentimita 120 kwa 25, wenye zulia sakafuni na vizuizi juu yake, huosha mara nyingi zaidi ya karai kwa siku.

Mteremko wa kuanzia ni sentimita 8 kwa kila mita ya urefu, yaani karibu sentimita 10 kwa mfereji huo. Maji yapite juu ya vizuizi kwa kina cha sentimita 5 hadi 7. Kisha tazama: kokoto zikirundikana, ongeza mteremko au maji, vizuizi vikifagiliwa mpaka zulia linaonekana tupu, punguza. Nyuma ya kila kizuizi panatakiwa kuwe na mchanga mweusi unaochezacheza. Ukiganda ukawa mgumu, dhahabu mpya itapita juu yake.

Mimina kidogo kidogo bila kukatiza, si koleo zima kwa mpigo, na vilivyochekechwa tu: jiwe kubwa huzungusha maji nyuma yake na kuchimbua kilichokwisha kutulia. Mchanga mweusi ukijaza nusu ya nafasi ya vizuizi, simamisha kazi na usafishe zulia ndani ya ndoo. Kila saa osha karai moja la marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, yanayotoka mkiani. Ukiona chembe humo, kitu hakijakaa sawa, na kila koleo unaloongeza ni hasara.

Nitenganishe vipi dhahabu na makinikia, yaani mchanga mzito unaobaki baada ya kuosha? Zebaki inafaa?

Zebaki usiitumie. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, huharibu mishipa ya fahamu na figo, na watoto na mimba huumia zaidi. Inayomwagika mtoni huingia kwenye samaki na kurudi mezani. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake kwenye uchimbaji mdogo na, inapowezekana, ziyakomeshe. Kwenye vijito vilivyochimbwa zamani unaweza kukuta dhahabu yenye rangi ya fedha, imeshikwa na zebaki ya wachimbaji wa kale. Iweke kichupani chini ya maji, usiichome hata kidogo.

Njia salama ni hii: kausha makinikia, yachekeche kwa ukubwa tofauti, kila ukubwa uoshe peke yake. Punje zenye ukubwa sawa hutengana kwa uzito. Zikichanganyika, kokoto kubwa nyepesi hufanana na chembe ndogo nzito. Funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu, magnetaiti itashika, kisha toa sumaku mfukoni ili iachie. Rudia kilichotolewa angalau mara moja, kwa sababu magnetaiti hukumbatia chembe laini za dhahabu.

Kwa kuyeyusha, boraksi, unga mweupe wa madini, husaidia takataka zijitenge na dhahabu bila zebaki. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa miongo mingi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, kwa hiyo ni kazi ya tanuru, miwani na hewa ya kutosha.

Nawezaje kufuata dhahabu hadi chanzo chake?

Panda na mto ukipima chini na juu ya kila makutano. Chembe zikiendelea kwenye tawi moja na kukatika kwenye jingine, fuata lenye chembe. Zikizidi kuwa kubwa na zenye kingo, unakaribia. Zikikatika ghafla kwenye kijito kimoja, umepita mahali zinapoingilia: rudi nyuma, uanze kupima udongo wa miteremko ya pande zote mbili. Ila hakikisha kwamba zimekatika kweli. Sampuli mbili mbovu, zilizochukuliwa juu juu bila kufika mwambani, hutoa jibu hilohilo.

Kokoto za mviringo zilizo juu mlimani, mbali na maji, zina maana?

Zina maana kubwa. Kijito hukata kwenda chini, na kuacha sakafu zake za zamani zikining'inia kandoni kama matuta. Huko Klondike, Kanada, baada ya dhahabu kupatikana kwenye kijito cha Bonanza mwaka 1896, wageni waliokosa nafasi mtoni walichimba vilimani na kukuta kokoto nyeupe za mto wa kale zenye utajiri mkubwa. Kokoto za mviringo mahali pakavu lazima zipimwe, hasa pale zinapogusa mwamba. Maji ni ya kubeba kwa ndoo, au shusha sampuli hadi kijitoni.

Hatari kubwa ni zipi?

Kuta za shimo kuporomoka ndiyo ya kwanza. Kokoto zilizolowa hazitoi onyo. Usichimbe chini ya ukingo unaoning'inia, na shimo likipita kiuno lazima lipanuliwe kwa mteremko. Jabali lililolegezwa kwa chini litaanguka upande uliouchimba, yaani upande wako. Mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa wakati uko kwenye jua. Maji yakigeuka tope au majani yakianza kuja kwa wingi, toka mara moja. Maji baridi huitia mikono ganzi kabla hujatambua. Usiende peke yako.

Ruhusa na mazingira je?

Katika nchi nyingi madini ni mali ya taifa, hata yakiwa kwenye shamba lako, kwa hiyo uliza mamlaka ya madini, mwenye ardhi na wasimamizi wa maji kabla ya koleo la kwanza. Hifadhi na vyanzo vya maji mara nyingi hufungwa kabisa. Usichimbe kingo za udongo wala usikate mizizi inayozishikilia. Tope linaloshuka hufunika mayai ya samaki na kuchafua maji ya walio chini. Weka marudio mahali yatakapotulia, na ufukie mashimo.

Msimu upi ni mzuri?

Maji yakiwa yamepungua, mwamba na nyufa zinafikika. Lakini nenda pia mara tu mafuriko makubwa yanapotulia, kwa sababu mikanda huwa imepangwa upya na sampuli za mwaka jana hazitegemeki tena. Anza na upande wa ndani wa kona ya kwanza baada ya korongo.